Teodora Kashindye, Aliyechana Kurasa za Mwisho

“Mama Obedi, hizo karatasi zako unaziunga na nini, nyanya au karanga?” Mama Mwaija, jirani wa Igogo hapa Mwanza, alimuuliza marehemu hivyo alipomkuta akiandika, watu wakacheka. Marehemu naye alicheka, akasema zinaiva taratibu kama makande.

Bibi Teodora Kashindye alizaliwa tarehe 12 Machi 1947 wilayani Magu, kwa Mzee Kashindye na Mama Sabina, wakulima wa pamba. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, 1962. Kuendelea alitaka, ila zamu ilikuwa ya kaka zake.

Mwaka 1968 alifunga ndoa na Elias Maige, karani wa pamba. Mungu aliwajalia Obedi na Dorcas. Elias alifariki 1976, na wazee wakataka marehemu arithiwe na shemeji yake. Alipiga goti, akakataa kwa heshima, akasema atawalea watoto kwa kuandika riwaya. Wengi walidhani ni msiba unamsumbua.

Riwaya ya kwanza ilitoka 1979. Mchapaji alikuwa ameiongezea mwisho bila kumuuliza: yule mjane wa kwenye hadithi kaolewa na shemeji. Marehemu hakugombana na mtu. Alitandika kanga soko la Mkuyuni, katikati ya wauza dagaa, akauza vitabu mwenyewe, na kila aliyenunua alimchania kwanza ule ukurasa, kisha akamsimulia mwisho wenyewe kwa mdomo. Watu walipenda. Wengine walirudi kusimuliwa tena, na kitabu wanacho nyumbani. Kwa kazi hiyo, na riwaya zilizofuata, watoto walikula, wakavaa, wakasoma. Lakini tusifiche, ilimchosha. Mgongo ulimuuma miaka na miaka, na kesho yake yuko mezani tena. Jumapili tu ndiyo alipumzika, kanisani.

Mwaka 2021 kisukari kilimpunguzia macho. Riwaya ya mwisho alikuwa akiitamka, Dorcas anaandika. Haikuisha. Alifariki hapa Mwanza tarehe 9 Mei 2025, mchana, tukiwa tunasali rozari.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na sisi watoto wa kaka zake tuliomwita shangazi. Bwana ampe usingizi mwema, maana alifanya kazi.

Tulipomwambia kitandani kwamba tutatafuta mwalimu aimalizie ile riwaya, alitikisa kichwa, akasema, nasi tumekubali: “Msimtafute mtu. Chapeni mpaka hapo nilipofika. Watakaosoma wataona kwamba nilichoka.”