Mzee Subiri, Shangazi na Karatasi ya Aibu

Ijumaa tarehe 28 Juni, saa kumi na nusu alasiri, mkaguzi wetu mkuu wa ndege atarudisha funguo za hangari namba mbili, tochi moja na kioo kidogo chenye mpini mrefu cha kuchungulia ndani ya injini, kisha atastaafu baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Tochi ni mali ya kampuni. Kioo anadai ni chake, na stoo inadai si chake. Hadi tunaandika haya, mgogoro huo ulikuwa haujaamuliwa.

Kwenye faili lake ana jina refu la heshima. Karakanani ni Mzee Subiri, na hata mkewe, siku alipopiga simu mapokezi kuuliza kama mumewe ameshatoka, aliomba kuzungumza na Mzee Subiri. Jina hilo hakupewa bure. Kampuni yetu hununua ndege ndogo zilizokwisha kutumika, huzirusha miaka kadhaa, kisha huziuza. Mwenye kuamua ni mkurugenzi, lakini mkurugenzi hagusi kalamu mpaka mkaguzi aandike maoni yake. Na maoni ya mkaguzi, mara nyingi kuliko tulivyopenda, yamekuwa neno moja: subiri.

Hakuzaliwa hivyo. Katika mwaka wake wa pili hapa alitumwa kukagua ndege ya viti sita iliyokuwa ikimeremeta kama kiatu cha siku ya usaili. Aliizunguka mara mbili, akaketi kwenye kiti cha rubani, akapiga simu ofisini: nunueni leo hii, kuna wateja wengine wawili wanaisubiri. Ikanunuliwa. Wiki ya tatu fundi mmoja aliegemea bawa la kushoto, na rangi ikabonyea kama ganda la mkate. Chini yake bati lilikuwa limeliwa na kutu ya miaka. Ndege ile ilikaa hangarini miezi minane bila kuruka. Wale wateja wengine wawili hawajaonekana hadi leo.

Kipande cha bati lile kipo mezani kwake. Hukitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Kila mfanyakazi mpya huonyeshwa na kusimuliwa. Sisi wa zamani tumeshasimuliwa kiasi kwamba tunaweza kumkumbusha anaposahau.

Tangu siku hiyo, ndege yenye rangi mpya humfanya akunje pua kabla hajaikaribia. Kitabu cha matengenezo hukisoma kuanzia nyuma kuja mbele, akitafuta miezi ambayo ndege haikuruka, kwa sababu, anavyosema, ndege iliyolala sana huamka na maradhi. Akishamaliza, humwuliza mwenye mali swali moja tu: kwa nini unaiuza? Kisha hunyamaza. Hunyamaza mpaka muuzaji aseme tena.

"Neno la kwanza ni tangazo," huwaambia mafundi. "La pili ndilo jibu."

Rubani mmoja mstaafu alimjibu kwamba amepata ndege kubwa zaidi. Baada ya dakika nne za ukimya aliongeza, bila kuulizwa, kwamba hii nayo huvuta kushoto ikitua.

Haki itendeke: subira yake haikuvuta heri kila mara. Kuna ndege moja ya injini mbili aliyotufanya tuingojee miezi kumi na minne, mpaka wenzetu wa ng'ambo ya uwanja wakainunua. Ni miaka saba sasa tangu wainunue, na kila Jumanne asubuhi hupita juu ya paa letu ikiwa na afya tele. Rubani mkuu, mama asiyependa maneno mengi, huinyooshea kidole tu. Mzee Subiri huitazama mpaka ipotee, halafu husema, "Bado ni mapema kusema, Kapteni."

Upande wa kuuza ana desturi nyingine, ambayo dada wa mauzo aliibatiza karatasi ya aibu. Kabla mnunuzi hajauliza lolote, Mzee humkabidhi orodha ya kila kasoro ya ndege, kwa mwandiko wake mwenyewe. "Mlango wa kulia hufungwa kwa kubembelezwa." "Kipimo cha mafuta cha kushoto ni mwongo, aminini kijiti cha kupimia." Dada wa mauzo amefanya naye kazi miaka kumi na miwili, na amemnunia kumi na moja kati ya hiyo. Lakini ni yeye pia anayekiri kwamba hakuna mnunuzi aliyewahi kurudi kulalamika, na kwamba watatu wamerudi kununua nyingine.

Sasa tufike kwa Shangazi.

Shangazi ni ndege yetu ya viti vinne, mabawa juu, injini moja. Mzee aliikubali katika mwaka wake wa tatu, baada ya kuikagua wiki saba, na ndiyo iliyomrudishia heshima baada ya aibu ya rangi mpya. Jina hilo ilipewa na binti yake. Akiwa na miaka sita alilalamika kwamba baba huenda kuitazama ndege hiyo hata Jumapili, wakati shangazi mwenyewe hatembelewi. Jina likaganda.

Katika miaka tisa iliyopita mkurugenzi aliomba maoni ya kumwuza Shangazi mara sita. Mara sita alijibiwa subiri. Soko limelala. Mvua zimekaribia. Matairi ni mapya, tuyafaidi kwanza. Hayo yote yaliandikwa na mtu yule yule ambaye, miaka mingi nyuma, aliandika kwa kalamu nene kwenye ukuta wa hangari namba mbili: "Iuze ukiwa bado unaisifu. Ukianza kuitetea, umechelewa." Maandishi bado yapo. Kabati lililosogezwa mbele yake lilisogezwa na nani, hatujui.

Mwaka huu hapakuwa na pa kujificha. Injini ya Shangazi ina saa 1,760, na ikifika 2,000 sharti ifumuliwe yote. Ama auzwe sasa, mnunuzi apate saa za kutosha za kurusha, ama afumuliwe injini na abaki nasi miaka mingine mingi. Shule ya urubani ilikuwa ikimtaka, na mwalimu wake alihitaji jibu kabla ya muhula mpya. Mkurugenzi alitangaza kwamba maoni ya Mzee, yawe yoyote, yatafuatwa, na kwamba yatakuwa ya mwisho kwake kuandika. Karakanani watu walitabiri. Isipokuwa mwenye stoo, wote tulisema subiri.

Alimkagua siku tatu, kama ndege ya mtu baki. Kitabu alianza nyuma. Rubani mkuu alipita akamwambia, "Mzee, huyo mnafahamiana miaka ishirini na tisa."

"Ndiyo maana namkagua, Kapteni."

Siku ya nne karatasi ilikuwa bado nyeupe. Dada wa mauzo alimpelekea chai, akavuta kiti, akamwuliza, "Mzee wangu, kwa nini humwuzi?"

"Soko bado."

Dada akanyamaza. Amejifunza kwa bingwa. Mzee alitazama bati lake la kutu, akatazama dirishani, akapanga kalamu. Chai ikapoa.

"Nimezoea kumwona nikifungua mlango," akasema.

Basi, la pili likawa limetoka. Alichukua karatasi akaandika: "Auzwe. Sasa." Kisha akaandika karatasi ya aibu, ndefu kuliko zote alizowahi kuandika, kurasa mbili, kasoro ishirini na tatu. Ya ishirini na tatu inasema: "Mkaguzi wake anampenda kupita kiasi. Maoni yake ya miaka tisa iliyopita yasizingatiwe."

Mwalimu wa shule ya urubani alizisoma zote akiwa amesimama, akauliza kama mwandishi wake anaweza kuja kumtazama Shangazi mara moja kwa mwezi. Mzee alianza kusema neno lake. Mkewe, aliyekuwa amekuja kuchukua maboksi yake, alimwahi: "Atakuja. Akikaa nyumbani wiki nzima atanikagulia sufuria."

Shangazi anaondoka Alhamisi, siku moja kabla yake. Kabati limesogezwa, na maandishi ya ukutani yatabaki. Na mwenye stoo, yule aliyetabiri sawa peke yake, ametuma ujumbe dakika za mwisho: kioo ni cha Mzee.

Asante, Mzee wetu, kwa kila ndege uliyotuzuia kununua, na hata kwa ile ya Jumanne. Tunakutakia afya, usingizi mrefu na asubuhi zisizo na honi ya uwanja. Na ukiulizwa kama umeanza kupumzika, tafadhali, usijibu subiri.