Filina, Mama wa Shujaa wa Lango la Mashariki

Marehemu Filina hakulipita jiwe njiani. Aliliokota, akalifunga kwenye pindo la vazi lake, na akifika ufukweni akalitupa majini.

Alizaliwa Korintho, nyumbani kwa mfinyanzi Eumelo, akaletwa hapa Sisilia angali ananyonya, mwaka wa pili tangu mji huu uanzishwe. Masomo yake aliyapata kwa bibi yake, kwenye mtambo wa kufumia. Vazi analovalishwa mungu wetu wa kike Hera kila masika ni kazi ya mikono yake.

Aliolewa na marehemu Teleson, mkulima wa mizeituni, wakajaliwa Melita na Lampon. Mwaka wa ukame Lampon alisingiziwa kuiba shayiri ya hekalu. Watu wa mji huu, wakiongozwa na Diofanto, walimpiga mawe nje ya lango la mashariki mpaka akafa. Shayiri ilikutwa baadaye ghalani, nyuma ya mitungi.

Kondoo wakaanza kuharibu mimba, watoto wakafa kwa homa. Wajumbe waliotumwa na mji kuuliza sababu walirudi kutoka hekalu la uaguzi la Delfi na jibu la mungu: Lampon aheshimiwe kama shujaa, anyweshwe damu kaburini kila mwaka. Filina aliitoa mifupa ya mwanawe ijengewe kaburi pale langoni, kwa sharti moja. Waliorusha mawe ndio wamshike kondoo, wapige magoti, wamimine damu kwenye bomba la udongo linaloshuka ndani ya kaburi huku wakimwita Lampon kwa jina. Yeye alisimama pembeni kila mwaka, akiwatazama.

Safari moja Diofanto alilalamika. "Dada Filina, magoti yangu yamekwisha. Si nimtume mtumwa?"

"Lile jiwe ulimtuma mtumwa, kaka? Inama. Na sauti usiimeze, mwanangu hasikii vizuri. Mlimpiga sikioni."

Kifua kilianza kumbana wakati wa mavuno ya zabibu. Diofanto na wenzake walikuja kitandani kumwomba awafungue na sharti lile, sadaka ile ife pamoja naye. Aligeukia ukutani. Alifariki siku ya tatu ya mwezi wa Karneio, kabla ya adhuhuri.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, na kaburi la mwanawe ambalo halijapata kukauka. Udongo usimlemee.

Asubuhi ile, kabla hajakata roho, Melita, ambaye naye alitamani kufunguliwa asirithi kazi ya kusimama pembeni, alimwinamia akamuuliza, "Mama, wameshazeeka wote. Wakifa, nani atamshika kondoo?"

"Wana watoto," alisema.