Mwalimu Aliyekataza Neno "Sawa"

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Mwenye chungu jikoni apunguze moto, mwenye mgeni mlangoni amwingize asikilize naye. Leo tunamkumbuka mwalimu. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya wanafunzi wa kompyuta, lakini hakuwafundisha kompyuta. Aliwafundisha maadili na wajibu wa kazi. Narudia: maadili na wajibu, kwa vijana waliokuja chuoni kutafuta kitu kingine kabisa.

Somo lake waliliita somo la usingizi. Yeye mwenyewe aliitwa Thelathini-na-Moja. Hilo si jina la utani la wanafunzi. Alijipa mwenyewe, na mtajua kwa nini.

Msibani nilikaa uani, na kina mama waliokuwa wakimenya viazi. Sebuleni walikaa wakubwa na hotuba zao, na marehemu wa sebuleni ni malaika kila siku. Ukimtaka marehemu aliyekula, akanuna, akakosea, nenda uani. Huko ndiko nilikozungumza na mjane wake.

"Mume wangu alikuwa mtu wa mizaha," aliniambia. "Akiingia kwenye sherehe, hata waliogombana wanasogezeana viti. Kisha ikaja ile siku. Baada ya hapo alicheka, lakini kama mtu anayecheka chumba cha pili."

Ile siku. Wakati huo alikuwa bado si mwalimu. Alikuwa mtengenezaji wa programu katika kampuni iliyohudumia kituo cha magari ya wagonjwa. Programu yao ilipanga simu: nani anafuatwa kwanza, nani anasubiri. Wiki moja walibadilisha mstari mmoja. Mstari mmoja tu. Sheria ya kazi ilisema ukibadilisha kitu, unarudia majaribio yote arobaini, na kila jaribio unaliwekea alama kwenye fomu.

Alifanya majaribio tisa. Mengine thelathini na moja alinakili kutoka fomu ya wiki iliyopita. Sawa, sawa, sawa, mpaka chini. Akatia sahihi. Wenye kazi hiyo wananiambia karibu kila mmoja wao amewahi kufanya hivyo. Wanasema: mstari mmoja umebadilika, mengine yatabadilikaje?

Yalibadilika. Simu yoyote isiyotaja namba ya nyumba ilishushwa mwisho wa foleni. Kila simu mpya ikiingia, ile inarukwa. Na kuna mtaa mzima ambao nyumba zake hazina namba.

Katika mtaa huo anaishi fundi cherehani. Siku ile, saa nane mchana, mke wake alibanwa na kifua. Fundi alipiga simu mara tatu. Mara tatu aliambiwa gari liko njiani. Gari lilifika baada ya saa mbili na dakika arobaini. Mama yule alikuwa amekwisha kufa, ameketi kwenye kiti cha wateja, mkono juu ya nguo iliyokuwa haijapigwa pindo.

Uchunguzi ulipoanza, bosi wa kampuni alisema kosa ni la mpigaji simu, hakutaja namba. Shauri lilikuwa karibu kufungwa. Ndipo huyu tunayemkumbuka leo akasimama, hakuna aliyemwita, akasema: "Fomu hii niliijaza mimi. Majaribio thelathini na moja sikuyafanya." Akakaa. Kazi iliishia pale pale. Miaka minne alitengeneza redio na pasi mbovu chini ya ngazi ya jengo, mpaka chuo kilipomchukua kufundisha somo ambalo walimu wote walilikimbia.

Sasa sikilizeni alivyofundisha. Siku ya kwanza ya kila muhula aligawa nakala ya fomu ile ile. Aliwaambia, "Humu mna uongo. Utafuteni." Wanafunzi waliigeuza, wakaiinamia, wakabishana. Hawakuuona hata mwaka mmoja. Ni fomu nzuri, safi, imejaa sawa. Mwishoni aliwaambia, "Imeua mtu. Na mwandiko ni wangu."

Darasani kwake neno sawa lilikuwa marufuku. Ukimaliza jaribio, uliandika ulichokiona kwa macho yako, saa uliyokiona, na jina lako. Ukisahau ukasema iko sawa, alikujibu, "Sawa si jibu. Umeona nini?" Wanafunzi walimuigiza huko mkahawani. Mmoja akisema chai iko sawa, wenzake wanamrukia: "Umeona nini?" Walicheka sana. Naye alijua wanacheka. Alimwambia mkewe, "Wacha wacheke, mradi wanalikumbuka."

Na kila mwaka, tarehe ile, alikwenda kwa fundi cherehani. Nami nilikwenda. Fundi hakuacha kushona wakati tunaongea.

"Sikumsamehe," alisema. "Nisikudanganye kwa sababu una redio. Mwaka wa kwanza nilimfukuza. Wa pili nikamfukuza. Wa tatu nilikuwa na kazi nyingi, nikamwacha asimame. Akasimama mpaka jioni. Mwaka wa sita au wa saba nikamwambia, wewe bwana, utanizibia mwanga, kaa basi."

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Tuongee nini? Nilishona. Yeye alikaa. Msiba wake nimekwenda, ndiyo, lakini sikuingia ndani."

Wasikilizaji wapendwa, laiti habari ingeishia hapo. Haikuishia hapo.

Mwaka huu figo zilimlaza mwalimu hospitalini. Huku nyuma wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho walikuwa wametengeneza programu ya wodi ya watoto, hospitali ile ile. Muuguzi anaandika umri na uzito wa mtoto, programu inamwambia kipimo cha dawa. Aliyeandika sehemu kubwa ni binti wanayemwita Kasi, kwa wepesi wa vidole vyake. Siku mbili kabla ya kukabidhi kulikuwa na marekebisho. Mstari mmoja. Majaribio yalikuwa ishirini na sita. Kasi alifanya kumi. Mengine alinakili. Mwalimu mwingine akatia sahihi, wageni wakapiga makofi, na Jumatatu wodi ikaanza kuitumia.

Jumanne Kasi alikuja kumjulia hali mwalimu wake, na machungwa mkononi. Mjane alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Alimuuliza, mwanangu, ile programu mmeijaribu? Binti akasema, tumeijaribu, Mwalimu, iko sawa. Mume wangu hakuwa na nguvu hata ya kushika kikombe, lakini alimwambia, sawa si jibu, umeona nini? Yule mtoto akatazama viatu vyake. Akatazama viatu vyake mpaka mimi nikaona aibu. Kisha akalia akasema yote."

Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia, "Usinililie mimi. Nenda kwa muuguzi mkuu sasa hivi, umwambie waizime."

Kasi hakwenda kwa muuguzi mkuu. Alikwenda kwa mkuu wa chuo. Nimezungumza na Kasi mwenyewe, na amekubali niseme haya hewani. Mkuu alimuuliza nani mwingine anajua. Akamjibu, Mwalimu. "Mwalimu ni mgonjwa," mkuu alisema, "na mgonjwa husema mengi. Binti, picha za sherehe hata gundi haijakauka ukutani. Umebakiza wiki tatu uhitimu. Ngoja wiki hii ipite, tutarekebisha kimyakimya."

"Nilijiambia nafuata utaratibu," Kasi alisema. "Nimeshamwambia mkubwa, basi. Ukweli nilikuwa naogopa kutohitimu. Mama yangu ameshashona nguo ya kuvaa siku hiyo."

Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Alhamisi saa sita mchana Kasi alishindwa kula, akaenda wodini, akasema. Programu ilizimwa saa ile ile. Walipoikagua waliona kosa: kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, ule mstari uliacha kugawa dawa ya siku mara tatu. Mtoto alipewa dawa ya siku nzima, asubuhi, mchana na jioni.

Mtoto alikuwa mmoja. Msichana wa miezi minane, aliyelazwa Jumanne jioni kwa homa. Narudia: aliyelazwa Jumanne jioni. Yuko hai. Homa ilikwisha. Lakini dawa ile ikizidi huharibu masikio, na madaktari wamewaambia wazazi wake kwamba hasikii na hatasikia. Mama yake hugonganisha vijiko nyuma ya kichwa chake, kila asubuhi, kuona kama atageuka.

Ijumaa Kasi alirudi kwa mwalimu. Alisema, "Mwalimu, nimewaambia."

"Lini?"

"Jana."

Mjane anasema mumewe alimtazama. Kisha akasema, "Nilikwambia Jumanne." Hakukasirika, anasema mjane. Alisema kama mtu anayesoma saa ukutani. Aligeuza uso ukutani. Jumamosi asubuhi alikata roho.

Kasi amesimamishwa masomo. Aliyemshauri angoje bado yuko ofisini kwake, na somo la maadili limefanywa la hiari kwa kuwa mwalimu wake hayupo. Waliojiandikisha ni wanne. Nilimuuliza Kasi kwa nini anataka nimseme hewani, kwani aibu yote itamwangukia yeye. Alijibu, "Darasani niliiona ile fomu yake. Niliona nimeielewa."

Basi, kwa mjane wa mwalimu tunatoa pole, na kwa ndugu zake wote. Pole kwa fundi cherehani, ambaye mwaka ujao tarehe ile hatakuwa na mtu wa kumzibia mwanga. Pole zaidi kwa baba na mama wa yule msichana mdogo, ambao hawakuwa kwenye sherehe yoyote na hawakutia sahihi popote. Nanyi mnaonisikiliza mkiwa kazini, kwenye dawa, barabarani, kwenye kompyuta, kwenye saruji: kama kuna karatasi uliyoijaza bila kutazama, ifikirie leo. Usisubiri iharibu kitu ndipo uwe mkweli.

Juzi nilikwenda hospitali ile. Kitanda alicholalia mwalimu kiko ghorofa ya pili. Wodi ya watoto iko ghorofa ya kwanza, chini yake kabisa. Nilishuka kwa magoti yangu haya yanayolalamika. Ngazi ni ishirini na mbili. Nilifika kabla sijaanza kuhema.