Adeline wa Posta na Supu Yake Nyeupe

Baba Padri, wanafamilia, majirani wa Berezivka, na ninyi mliotoka mbali kwenye barafu hii, mimi ni Metro Bodnarchuk, mdogo wake marehemu, na nimesimama kuwasomea maisha ya dada yangu Adeline kabla hatujampeleka makaburini. Wapo waliotaka asome mtu mwenye sauti ya upole, nikakataa, kwa sababu kazi hii aliniachia yeye mwenyewe. Niseme mapema pia kwamba humu ukumbini kuna mtu mmoja ambaye uhai wake uko mashakani leo, nami siketi kabla sijamfikia.

Marehemu Adeline Hrynkiw alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika shamba la wazazi wetu, kilomita tisa kaskazini mwa kijiji hiki, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Wasyl na Tekla Bodnarchuk. Alisoma katika shule ya chumba kimoja hapa Berezivka kuanzia Septemba 1955 hadi Juni 1963, akaendelea na sekondari katika mji wa Canora, alikomaliza mwaka 1967 akiwa wa kwanza kwa hesabu, jambo alilotukumbusha kila Krismasi.

Tarehe 3 Juni 1968 aliajiriwa katika posta ya kijiji hiki kama msaidizi, na tarehe 1 Julai 1975 akawa mkuu wa posta, ingawa aliyekuwa chini yake alikuwa yeye mwenyewe tu, akaitumikia kazi hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2016. Alijua mwandiko wa kila mmoja wetu, alijua mtoto wa nani kaandika na wa nani kasahau, na hakuna kifurushi kilichowahi kulala pale bila mwenyewe kupigiwa simu.

Tarehe 9 Oktoba 1971, katika kanisa hili tulilotoka sasa hivi, alifunga ndoa na Lawrence Hrynkiw, mkulima wa ngano, wakajaliwa watoto wawili, Darcy, aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1973, ambaye anaendesha malori ya machimbo katika jimbo la Alberta, na Lorelle, aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1976, mwalimu wa shule huko Regina.

Shemeji yangu Lawrence alikuwa mtu wa nguvu, na kwa daktari alikwenda mara moja tu, mwaka 1988, mashine ya nafaka ilipomla kidole, na hata siku hiyo alimaliza kupakua kwanza. Mwaka 2001 alianza kuona wekundu chooni. Dada alipomwuliza, alijibu mbele yangu, "Mke wangu, wewe ndiye unayeninywesha supu ya bitiruti mara tatu kwa wiki, ulitegemea nitoe rangi gani, kijani?" Tulicheka sote watatu, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, Mungu anisamehe. Tulicheka hivyo kwa muda wa mwaka na zaidi, hadi siku aliposhindwa kupanda trekta, na daktari aliyempokea akamwuliza tu kwa nini hakuja mapema. Lawrence alifariki tarehe 2 Februari 2003, kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka hamsini na sita.

Baada ya arobaini yake, theluji ilipoyeyuka, dada yangu alikwenda kwenye bustani, akakivunja kitalu chote cha bitiruti, na tangu siku ile supu yake ikawa nyeupe, ya kabichi na maharage. Akina mama wa jikoni humu mliicheka, msijifanye mmesahau. Mmoja wenu alimwuliza, "Adeline, hii ni supu au maji ya kuoshea sufuria?" Naye akamjibu, "Kunywa tu, dada. Mtu wa nyumba yangu akiona wekundu tena, hatapata pa kuusingizia." Huo ndio mwanzo wa vita vyake, na alivipigana kwa miaka ishirini na mitatu bila kumwogopa mtu.

Alianza na mwili wake mwenyewe. Kila Aprili alikwenda kwa daktari wakati haumwi popote, akapima presha, sukari, macho, na kila kilichopimika, na mwaka 2007 basi la kupiga picha za matiti lilipofika Canora alikuwa wa kwanza kwenye foleni, wakamkuta na uvimbe wa ukubwa wa njegere katika titi la kushoto, ambao mkono usingeweza kuugusa. Ulitolewa tarehe 11 Septemba mwaka huohuo, na Oktoba alikuwa amerudi kazini akiuza stempu.

Halafu, mwaka 2012, zilianza kufika zile bahasha za serikali ya jimbo, zenye kichupa cha kupimia choo, kwa kila mwenye miaka hamsini na kuendelea, na hapo ndipo dada alipowakera, maana bahasha zilipita mikononi mwake zikienda, na alijua vizuri ambazo hazirudi. Aliwauliza dirishani, mbele ya watu, "Ile yako iko wapi, mbona sijaiona ikirudi?" Mwaka 2013 mmoja wenu alimshtaki kwa wakubwa wake. Akaja ofisa, akamwambia barua ya mtu ni siri, akamwandikia onyo. Dada alikubali kosa, kwa sababu lilikuwa kosa, na kesho yake akatundika nyuma ya dirisha ubao wa shule, akaandika kwa chaki, ADELINE, PRESHA 128 KWA 82, SUKARI SALAMA, CHOO SALAMA, WEWE JE? Ofisa aliporudi kulalamika, alimwambia, "Bwana, barua zao ni siri zao. Damu ni yangu, naitangaza nikipenda." Ule ubao ulikaa pale hadi alipostaafu, kila Aprili aliubadilisha, na waliokwisha kupima waliandika majina yao chini ya lake.

Sasa nifike kwangu, maana aliniagiza nisijifiche. Bahasha yangu ya kwanza niliitia kwenye droo ya misumari. Ya pili, Mei 2014, ilinichosha kwa sababu ya kelele zake, basi nikachukua kile kichupa, nikamfuata mbwa wangu Baron nyuma ya ghala, nikakijaza, nikakifunga vizuri na kukituma. Barua ikaja kwamba sina tatizo. Dada alilia kwa furaha, akaniokea mkate wa mbegu za popi, nami nikaula wote nikimtazama machoni.

Mei 2016 ikaja nyingine, na Baron alikuwa amekufa majira ya baridi yaliyotangulia. Nilimweleza dada choo kile kilikuwa cha nani, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniuliza, "Metro, ile mashine yako ya kuvunia, unaifungua lini?" Nikasema kila Julai. "Huwa imeharibika?" Nikasema haijaharibika, naikagua kabla ya mavuno ili isinifie shambani. Akasema, "Basi wewe ni mjinga kuliko nilivyodhani, maana akili unayo." Jumatatu asubuhi alikuja na sufu zake za kufuma, akaketi jikoni kwangu, kwenye kiti kilicho kando ya jiko. Nilimwambia ni msimu wa kupanda, sina nafasi. Akasema, "Nenda kapande. Mimi nimestaafu, nitakaa." Alikaa kutwa, akarudi Jumanne, akarudi Jumatano, hakunipikia hata yai, alifuma tu. Jumatano saa nane mchana nilikishika kile kichupa, nikafanya kilichotakiwa, nikamkabidhi bahasha, naye akaipeleka posta mwenyewe kwa gari.

Walikuta damu. Tarehe 22 Juni 2016 nilipitishiwa kamera, wakakuta kinundu cha ukubwa wa harage, ambacho kilikuwa kimekwisha kuanza kuwa saratani, na tarehe 14 Julai wakanikata. Mwaka ule mashine yangu ya kuvunia ilifunguliwa na Adeline, mimi nikiwa nimelala kitandani namwelekeza kwa simu, na aliweka mkanda mmoja kinyume. Nimeishi miaka tisa na nusu ambayo haikuwa yangu. Nimewaona wajukuu wanne.

Kuhusu ugonjwa na kifo, dada hakuugua. Jumapili tarehe 11 Januari 2026, baada ya misa, alikuwa jikoni mwa ukumbi huu akikunja pirogi, vile vifuko vya unga vya kujazwa viazi, za sherehe ya Malanka, mwaka mpya wetu wa kale, akasema kichwa kinamgonga, akakaa chini unga ukiwa bado mikononi. Mshipa ulipasuka ndani ya kichwa. Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 13 Januari, saa kumi na moja jioni, akiwa na miaka sabini na sita.

Jana katika sala, bwana mmoja nyuma yangu, simtaji jina, ana kofia ya kahawia na sasa hivi anaivua, alimnong'oneza mkewe, "Vipimo vyote vile, na kafa vilevile." Nikujibu, jirani. Dada yangu hakuwahi kusema hatakufa. Alisema hatakufa kwa kitu ambacho alishatumiwa bahasha ya kukitafutia, na hakufa nacho, alishinda. Titi halikumwua, presha haikumwua, ilibidi kifo kimvizie mahali ambapo daktari hatazami kwa mtu asiyeumwa, na hata hapo kilimkuta kazini. Wewe una miaka sitini na tisa, na kwenye ubao ule sikuwahi kuona jina lako.

Sasa Darcy, mpwa wangu, usiangalie sakafu. Bahasha zako mbili ziko hapa mfukoni mwangu, zilikuwa zinakuja kwa mama yako kwa sababu hukubadilisha anwani, na kichupa cha kwanza kimeshapitwa na tarehe. Krismasi hii mama yako alikuwekea ya mwisho kando ya sahani. Ulimwambia, "Mama, siumwi popote." Akakwambia, "Baba yako naye alikuwa haumwi popote." Ukamwahidi utaifanya Malanka ikipita. Malanka imepita, na mama yako amepita nayo.

Juzi Alhamisi, tukirudi kuchagua jeneza, uliniambia ndani ya pikapu kwamba tangu Krismasi unaona wekundu, na kabla sijafungua mdomo ukaongeza, "Ni ile supu ya mama tu, mjomba." Niliendesha hadi nyumbani kwa mama yako, nikakushusha. Leo nakujibu. Mama yako hakutia bitiruti kwenye sufuria tangu mwaka 2003. Ulikunywa bakuli mbili mbele yangu, na ilikuwa nyeupe. Baba yako alikuachia mabega yake na pua yake, na kisingizio chake nacho umekibeba, lakini mama yako alikwisha kukiondolea miguu kabla hujakihitaji. Una miaka hamsini na miwili. Unaweza kunichukia kwa kuyasema haya mbele ya watu, hata mimi nilimchukia yeye siku tatu nzima.

Nimeshazungumza na nesi wa zahanati, akasema mtu anayeona damu hafanyi bahasha, anakwenda kwa daktari moja kwa moja. Miadi yako ni keshokutwa, Jumatatu tarehe 19 Januari, saa tatu na nusu asubuhi. Huenda si kitu. Mama yako angefurahi sana isiwe kitu, angekuokea mkate.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia siku zile mbili, nesi aliyemwosha unga mikononi kwa maji ya moto bila kuambiwa, majirani waliosukuma theluji hadi mlangoni kwake, wafanyakazi wenzake wa posta waliokuja na sare zao, Baba Padri, wanakwaya watakaotuimbia Kumbukumbu ya Milele pale kaburini, na akina mama waliomalizia zile pirogi alizoziacha, ambazo mtazila mkirudi. Yule aliyemshtaki mwaka 2013 naye tunamshukuru, maana bila yeye ubao usingekuwepo.

Dada Adeline, kazi yako imefika, na pale ilipobakia nimeishika mimi. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa nyumbani kwako, kwenye kiti cha kando ya jiko, na mwanao hatapata hata yai. Sijui kufuma, nitakaa tu. Wewe pumzika kwa amani, jikoni nipo.