Inchi Mbili Anaondoka, Gari la Mama Bado Limeinama

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa miguu ya mbele ya magari katika karakana yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa siku hiyo. Hapa tumwite kama anavyoitwa na wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja: Inchi Mbili. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike ukurasa huu kwa uchangamfu, kwa kuwa mimi ni mtunza stoo na hakuna aliyemtolea vipuri vingi kunishinda. Alisahau kwamba mimi pia ni dada yake. Uchangamfu nitautafuta, nikiukosa, mnisamehe.

Alianza kazi kwa kuosha vyuma kwa dizeli. Fundi mkuu wa zamani aliona jinsi anavyolala chini ya gari na kulisikiliza kabla ya kushika spana, akamhamishia upande wa mbele. Hakutoka tena. Magari mengi ya mji huu yanayovuta kwa magurudumu yote manne yamepita mikononi mwake, na karibu yote yalikuja na ombi moja, yanyanyuliwe.

Jina alilipata kwa ubishi. Mteja anakuja na picha ya gari refu kwenye simu, anataka na lake liwe vivyo hivyo. Fundi wetu anaitazama picha, analitazama gari, kisha anasema, "Inchi mbili zinatosha, bosi." Halafu anaeleza bila haraka. Ukinyanyua mbele, ekseli nayo inageuka kidogo, stelingi inakosa msimamo, gari linaanza kutangatanga barabarani. Kwa hiyo ukiweka springi ndefu, weka na bushi za kurudisha pembe, shokapu ndefu, mipira ya breki mirefu, na ukirekebishe kile chuma kinachoizuia ekseli isihamie pembeni. Kunyanyua gari ni rahisi, alikuwa akisema. Kazi ni kulifanya lisijue kwamba limenyanyuliwa.

Kabla ya kufungua hata nati moja, aliuliza maswali matatu. Unakwenda wapi? Unabeba nini? Nani atakaa kiti cha mbele? Wengi walilicheka hilo la tatu. Muuza mbao mmoja aliudhika, akajibu kwamba kiti hicho ni cha mbwa wake. Inchi Mbili akamwambia amlete huyo mbwa. Mbwa akaletwa, akapandishwa kwenye gari refu la mteja mwingine, akashindwa kushuka, akalia mpaka wahasibu wakatoka ofisini. Muuza mbao alikubali inchi mbili siku hiyohiyo.

Huwezi kumweleza Inchi Mbili bila kumtaja mdogo wetu wa mwisho, fundi wa upande wa kulia, ambaye karakana inamwita Ghorofa kwa sababu kwake gari halijawahi kuwa juu vya kutosha. Kaka alishika gurudumu la kushoto, mdogo la kulia. Walikuwa hawaitani wala hawaulizani. Mmoja akinyoosha mkono, mwenzake alikwisha kumwekea spana. Wateja walikuwa wakisimama kuwatazama tu, na mimi dirishani kwangu nilikuwa najivuna, nasema hao ni wa tumbo moja na mimi.

Sasa gari la Mama. Wafanyakazi wote wanalijua, ni lile lililosimama nyuma ya chumba cha rangi, ambalo wageni hudhani limepata pancha. Tuliachiwa na marehemu baba. Mama alikuwa akiishi kwangu, katika vyumba vyangu viwili, tangu mgongo ulipomharibikia, na alichotaka ni kurudi kuiona nyumba yake. Kabla ya kufika kwake kuna kivuko cha mawe ambacho gari la chini halipiti. Kwa hiyo gari la baba lilihitaji kunyanyuliwa, na springi ziwe laini, kwa ajili ya mgongo ule. Hakuna familia iliyokuwa na bahati kama yetu. Mafundi wawili bora wa kazi hiyo walikuwa watoto wake.

Kaka alisema inchi mbili. Mdogo akasema kwa mawe yale hazifai, ni nne, na mikono ya ekseli ibadilishwe. Kaka akasema mtoto huyu hafundishiki. Mdogo akasema kaka anaogopa urefu tangu utotoni. Hakuna aliyekubali kushuka wala kupanda, na ikaishia hivi: kila mmoja alifunga springi zake upande wake, wakakaza nati, wakaondoka. Gari likabaki limelalia kushoto. Tangu hapo hawakusemeshana. Waliendelea kufanya kazi kwenye ekseli moja, huku mimi nikiwa simu yao. "Dada, mwambie huyo anipe jeki." "Dada, mwambie jeki iko miguuni kwake."

Nilimleta Mama mwenyewe, nikidhani wataona aibu. Alijaribu mlango wa nyuma wa kulia, mguu haukufika. "Jamani, mimi nataka kupanda gari, sitaki kupanda ghorofa," akasema, na karakana nzima ikaangua kicheko, hata hao wawili. Akazunguka kushoto, akaingia, akakaa kiti cha mbele, akateremkia mlangoni kwa jinsi gari lilivyoinama. Akashika mlango kwa mikono miwili, akasema, "Basi, liko sawa. Twendeni." Hakuna aliyewasha gari. Mmoja alikwenda kunawa mikono, mwingine akasema kuna mteja anamngoja.

Mkoba wake wa safari ulikaa nyuma ya mlango wangu. Kila Jumapili alikuwa akiwauliza, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alijibu bado kidogo, Mama. Alianza kuzitoa nguo mkobani mojamoja ili azivae nyumbani, mpaka mkoba ukawa mtupu. Masika alifariki. Tulimpeleka kwake kwa lori la kukodi la kubeba mchanga. Lilivuka mawe yale bila kugusa hata moja, na hakuna aliyeuliza lina springi gani.

Wiki iliyofuata wakaja dirishani kwangu, wamesimama bega kwa bega, wanazungumza. Walikuwa wamekaa mchana mmoja, wakaelewana. Wanataka springi za inchi tatu, laini, kwa gari la Mama. Tatu! Kumbe ni inchi moja tu kwa kila mmoja. Niliwajibu kwamba hazipo. Wamerudi mara kadhaa, na jibu langu ni lilelile.

Mhariri atataka nitaje mafanikio, nami sitamnyima. Inchi Mbili amefundisha mafundi ambao leo wana karakana zao. Hakuna gari lililotoka kwake likarudi likivutwa. Hakuwahi kumcheka dereva, wala hakuwahi kuondoka na spana ya mwenzake. Ni fundi kwelikweli, na hilo ndilo linaloniuma, kwani angekuwa bomu wa kazi ningekwisha kumsamehe.

Kaka, kwa niaba ya karakana, ahsante kwa miaka yote uliyolala chini ya magari ya watu. Ofisi itakupa saa ya ukutani, na gari la Mama unaruhusiwa kuondoka nalo, maana uwanja unasafishwa. Sote tunakutakia afya njema, usingizi mzuri, na maisha mema huko uendako.

Springi za inchi tatu zipo. Zimekuwepo muda wote, rafu ya chini, nyuma ya boksi la bushi. Njooni wote wawili siku ya sherehe, nitawatolea. Ila kabla sijawakabidhi nitakuuliza lile swali lako la tatu, na utanijibu mbele ya watu: nani atakaa kiti cha mbele?