Bwana Aliniokoa na Wezi wa Kitabu Changu cha Kuku

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Na ninyi wa viti vya nyuma mnaotazama simu, asifiwe hata huko. Siwasemi vibaya. Nimesimama hapa kushuhudia habari za simu.

Mnanijua. Nimezaliwa katika kambi ya polisi hapahapa Kampala, ndiyo maana Kiswahili changu kina amri nyingi kuliko adabu. Nikaenda chuo kikuu, nikasomea fasihi, nikaandika vitabu vitatu vya insha. Nasema mbele za Mungu: hakuna mwizi hata mmoja aliyewahi kuziiba insha zangu. Ziko madukani salama, zinalindwa na vumbi.

Halafu nikaandika kitabu cha kuku.

Kilikuwa kijitabu chembamba cha kufuga kuku wa nyama kwenye uwanja mdogo. Nilikiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wake wa askari, kwa sababu ndio niliowaona tangu utoto wakifuga nyuma ya nyumba za kambi. Kabla ya kukiandika niliua kuku wengi kwa ujinga wangu, nikakaa na madaktari wa mifugo, nikajifunza. Kikauzika, ndugu zangu! Kikalipa karo ya watoto. Kwa mara ya kwanza mke wangu aliwaambia watu kazi yangu bila kupunguza sauti.

Siku moja nikaenda sokoni Kikuubo kununua chakula cha kuku. Muuzaji alipomaliza kufunga gunia akanipa karatasi zilizobanwa pini.

"Mzee, chukua na hii. Wateja wangu wazuri nawapa bure."

Kilikuwa kitabu changu. Kurasa zimekaa upande, jina langu limefutwa, na mahali pake pamegongwa muhuri wa duka lake.

"Hiki nimekiandika mimi," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaegemea magunia. "Ssebo, bwana wangu, wewe ni wa tatu wiki hii."

Tangu siku ile sikutulia tena. Nilianza kukitafuta kwenye simu, na kila nilipotafuta nilikipata. Kiko kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji, kiko kwenye mitandao ya kupakua bure, na bwana mmoja amekisoma chote kwenye video huku amevaa miwani inayofanana na yangu. Nilipeleka malalamiko katika ofisi moja. Aliyenipokea alisoma ushahidi kwa makini sana, kisha akaniomba nimwachie nakala, kwa kuwa naye anafuga.

Roho ya kutafuta ikaniingia. Mezani natafuta. Kwenye mazishi natafuta. Mchungaji akisema tufumbe macho, mimi nafumba moja. Nilijiunga na kundi kubwa kuliko yote kwa jina la uongo, Mama Pacha, ili niwachunguze wezi wangu bila kujulikana. Mke wangu akaniambia, "Baba Daudi, hao wezi wako wanakula na wanalala. Wewe umeibiwa kitabu, ukawaongezea na usingizi." Nilikuwa natazama simu.

Shetani naye amesoma, ndugu zangu, na anajua udhaifu wa waandishi. Akaninong'oneza habari ya toleo jipya. Kitabu changu kinasema hivi: vifaranga wakifika, kabla ya chakula wape maji, na kila mmoja umchovye mdomo ili ajue pa kunywea. Mimi nikabadilisha ukurasa huo mmoja tu. Nikaandika kwamba utafiti wa karibuni unakataza maji mpaka kesho yake, kwa kuwa yanaziba tumbo. Utafiti gani? Hakuna! Lakini niliuandika vizuri, maana kwa kupamba sentensi sijambo. Nikasema, acha wezi wavune walichoiba. Asubuhi moja nikautuma kwenye kundi, nikaweka simu chini, nikasikia amani. Ogopeni sana amani ya namna hiyo!

Kabla ya mchana baraka zikamiminika. Mungu akuzidishie, Mama Pacha! Umetusaidia, Mama Pacha! Halafu ikaja picha ya boksi la vifaranga, na chini yake maneno: "Wangu wamefika alfajiri. Nafuata toleo jipya, sijawapa maji." Nikatazama jina la aliyetuma. Ni Mama Akello.

Mama Akello huyu hapa, mstari wa tatu, mwenye kitambaa cha bluu. Mumewe askari alipofariki alitoka kambini, akapanga chumba Bwaise. Vifaranga wale aliwanunua baada ya kuuza cherehani, kitu pekee kilichokuwa kikimlisha. Tulimwombea hapahapa, na Amina yangu ilisikika hadi barabarani.

Nikampigia. Simu imezimwa. Nikaandika kwenye kundi: "Msifuate! Toleo hili ni la uongo! Wapeni maji!"

Kiongozi wa kundi akajibu, "Mama Pacha, leo umekunywa nini?"

"Mimi ndiye mwandishi wa kitabu," nikaandika.

"Eh! Asubuhi ulikuwa mama wa mapacha, sasa wewe ni profesa? Bambi, maskini, muacheni apumzike."

Wakanicheka, kisha wakaniondoa. Ndiyo, ndugu zangu: nilifukuzwa kutoka kwenye kundi la wezi kwa kosa la kukivunjia heshima kitabu changu mwenyewe!

Nikarukia boda. "Bwaise, haraka!"

"Kuna mgonjwa, mzee?"

"Vifaranga."

Akapunguza mwendo. "Vifaranga?"

"Endesha, kijana. Nimewaua mimi."

Hapo aliendesha kwa kasi, nadhani alitaka tuachane upesi. Mvua ilikuwa imenyesha, mtaro umefurika, akakataa kuvuka. Nikavua viatu nikaingia. Sikuwa na sala nzuri. Nilisimama ndani ya maji hadi magotini, nikimsihi Mungu viumbe wake wasife kwa kiu.

Nilimkuta Mama Akello kwenye banda lake la mabati, jiko la makaa likiwaka katikati. Vifaranga wamepanua midomo. Baadhi wamelala ubavu.

"Maji, mama! Leta maji!"

"Lakini kitabu kimesema..."

"Kitabu ni changu. Huo ukurasa wa maji ni uongo, na uongo wenyewe pia ni wangu. Niliutuma mimi, kuwakomoa wezi."

Akanitazama, miguu yangu imejaa matope, viatu mkononi. "Uliniombea pale kanisani," akasema. "Ulikuwa unaomba nini?"

Ndugu zangu, nimesoma mpaka chuo kikuu. Nikaomba beseni.

Akaleta beseni. Tukapiga magoti, tukawashika mmoja mmoja, tukawachovya midomo kama kitabu kilivyosema kilipokuwa bado na akili. Mimi ambaye sijawahi kubatiza mtu! Kifaranga anachovywa, anatulia, kisha anainua kichwa juu na kumeza. Mwingine anainua. Wapo ambao hawakuinua, na hao nimewalipa, ingawa kulipa hakumrudishi aliyekufa. Nilipoanza kulia Mama Akello aliniambia neno moja tu la msamaha: "Shika yule, amelala."

Na hapo, katika moshi wa makaa, simu ilitetemeka mfukoni mwangu. Ikatetemeka tena. Nikaiacha! Mikono yangu ilikuwa na kazi. Sikujua kwamba nimefunguliwa mpaka nilipofika nyumbani, mke wangu akaniuliza simu iko wapi, nami sikukumbuka.

Lakini kabla sijaondoka bandani, umeme uliokuwa umekatika ulirudi, Mama Akello akaichaji simu yake na kuiwasha, nikazungumza na lile kundi kwa sauti yangu na jina langu, nikakiri yote. Yeye akaongeza picha yangu nikiwa na kifaranga. "Mwandishi ni huyu," akaandika. "Mnaona alivyochafuka." Waliamini matope yale kuliko walivyowahi kuamini maneno yangu.

Sisemi wizi umekuwa halali. Anayeuza jasho la mwenzake ni mwizi, na yule wa Kikuubo ninamfuatilia bado, mchana, kwa jina langu, kwa sheria. Labda nitashinda, labda sitashinda. Lakini simbebi tena kifuani. Wewe uliyeibiwa, unayekesha ukimwinda mwizi wako, usije ukageuka sumu na kumnywesha asiye na hatia. Mkabidhi Bwana hasira hiyo leo. Mimi alinipokea nikiwa na viatu mkononi.

Vifaranga wale sasa ni kuku, kelele zao zinasikika mtaa mzima. Na simu yangu? Inatetemeka hata sasa. Najua, ni mtu amekiona kitabu mahali. Mama Akello, njoo uishike mpaka ibada iishe.

Tuombe, ndugu zangu. Mtakapofumba macho leo, nami nitafumba yote mawili.