Mackrine Rweyemamu, Mwalimu wa Kamera wa Rubwera (1986–2025)

Marehemu Mackrine Rweyemamu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa hapa Kamuli, wakati huo tukiwa bado chini ya Wilaya ya Karagwe, kabla ya kupata wilaya yetu ya Kyerwa. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Rweyemamu na Mama Costansia, wakulima wa kahawa na ndizi. Mimi ninayewasomea ni Joviana, mdogo wake ninayemfuata. Nilimfuata kwa kuzaliwa, kwa sare za shule na kwa viatu, na vyote vilinifikia vikiwa vimechoka. Alibatizwa na kupata kipaimara katika usharika huu wa Kilutheri, na aliimba kwaya hadi mwalimu wa kwaya alipomwomba kwa upole ashike kazi ya kugawa vitabu.

Alisoma shule ya msingi hapa Kamuli kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, kisha sekondari wilayani Karagwe, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Sifa yake ilikuwa kukumbuka. Mama akiuliza nani kahamisha chungu, Mackrine alijua kilipokuwa, kilikuwa kimefunikwa na nini, na nani alipita jikoni akiwa amevaa nini. Kwa sisi wadogo zake hiyo haikuwa sifa, ilikuwa balaa. Nasema leo mbele yenu kwamba nilichapwa mara mbili kwa ushahidi wake, na mara zote mbili alisema kweli.

Mwaka 2006 alianza kazi katika studio ya picha mjini Kayanga, kwanza kama mshika taa kwenye harusi, baadaye akakabidhiwa kamera ya video. Huko ndiko lilikotokea jambo ambalo wengi hapa mnalijua kwa nusu. Yeye mwenyewe alitaka lisomwe lote, kwa hiyo nalisoma.

Jumamosi ya tarehe 20 Septemba 2008 alikuwa anapiga video ya harusi nyumbani kwa Mzee Niyonsenga, Isingiro. Bibi harusi alipaswa kutokea kwenye njia ndefu ya migombani, na Mackrine akaona kwamba akibaki chini migomba itamficha hadi afike mlangoni. Mafundi walikuwa wameacha ngazi ukutani. Akapanda, akasimama juu ya bati na kamera yake. Wageni wetu mliotoka Dar es Salaam huenda hamjui: huku kwetu mwanamke hapandi juu ya paa la nyumba ya mtu, mwenye nyumba akiwa hai. Wazee wanaliona kama kumwombea mwenyeji kifo. Mackrine aliujua mwiko huo tangu utotoni. Alisahau kwa sababu jicho lake lilikuwa kwenye kamera, basi.

Harusi ilisimama. Akateremshwa huku akina mama wakilia, na studio ikamwachisha kazi Jumatatu yake. Baba alipeleka mbuzi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, Isingiro kuomba radhi, akaenda peke yake na kurudi peke yake. Alipofika nyumbani alimwambia Mackrine, "Kazi inayokupandisha juu ya nyumba ya mtu usinitajie tena." Hakumfukuza. Aliendelea kumpenda, kumuuliza habari za afya na kumwekea ndizi za kuchoma. Lakini kwa miaka kumi na mmoja baba na binti hawakuzungumza neno moja kuhusu kazi yake, na hilo lilimuuma kuliko kuachishwa.

Januari 2009 alikwenda Dar es Salaam kwa shangazi yetu. Kwenye kampuni moja iliyotengeneza tamthilia za televisheni alianza kwa kupiga pasi nguo za waigizaji. Siku moja alimwambia muongozaji kwamba mwigizaji alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto kabla ya chakula cha mchana, na sasa amekishika kwa wa kulia. Wakaangalia picha, wakakuta ni kweli. Kuanzia hapo akapewa daftari na kazi ya kutunza mwendelezo, yaani kuandika kila kifungo, kila kikombe na kila nywele ilipokuwa, ili vipande vilivyopigwa siku tofauti vikiunganishwa viwe kitu kimoja. Wale tuliochapwa kwa sababu ya kumbukumbu ile tulifurahi kusikia kwamba sasa inalipwa mshahara.

Hakubaki hapo. Alijifunza kuhariri, akarudi kwenye kamera, na mwaka 2016 akaongoza vipindi vyake vya kwanza. Haikuwa rahisi, na marehemu hakupenda watu waseme ilikuwa rahisi. Mtayarishaji mmoja aliwahi kumwambia jina lake litatangulia kwenye skrini kama atakubali kumtembelea hotelini. Mackrine alimjibu kwamba jina lake tayari lipo kwenye cheti cha ubatizo, linamtosha. Alikaa miezi saba bila kazi kwa jibu hilo. Baadaye, kila alipopata nafasi ya kuamua, alihakikisha majina ya wapambaji, wapishi na wasichana wa mavazi yanaandikwa mwishoni, yote, hata kama muziki ungeisha kabla ya majina.

Tarehe 5 Julai 2014 alifunga ndoa na Dastan, fundi sauti aliyekutana naye kazini. Ibada ilikuwa hapa hapa. Waliokuwepo wanakumbuka kwamba wakati wa kukata keki bibi harusi aliinuka meza kuu, akamshika mpiga video mabega na kumsogeza hatua tatu kushoto, kisha akarudi kukaa. Mama mkwe aliangalia chini. Dastan anasema hapo ndipo alipojua amepata mke hasa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Auleria na Muganyizi.

Mwaka 2019 familia ilirudi Kyerwa. Mackrine alitaka wasichana wa huku wajifunze kazi hii nyumbani, wakiwa na wazazi wao karibu, wajue kushika kamera na kujua thamani yao kabla ya kukutana na watu wa hotelini. Mzee Abdulkarim, mwenye duka Rubwera, alimpa chumba cha nyuma ya duka. Marehemu akabandika matangazo, akapanga viti kumi na viwili, akangoja. Mwezi mzima alifundisha viti. Wazazi walimsalimia vizuri sana na hawakumpa binti hata mmoja. Paa la Isingiro lilikuwa bado halijasahaulika.

Ndipo alipokuja hapa nyumbani, akapiga magoti mbele ya Baba na kuitaja ile kazi. Alimwomba amsindikize kwa Mzee Niyonsenga, kwa kuwa mara ya kwanza Baba alikwenda kumwombea radhi bila yeye mwenyewe kutamka neno. Baba aliimaliza kahawa yake. Kisha akaomba viatu.

Mimi nilikwenda nao. Tulibeba kibuyu cha rubisi na kahawa ya kutafuna, kama inavyotakiwa. Mackrine akasalimia na kusema kosa lake mwenyewe, bila kujitetea. Mzee Niyonsenga alimsikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, huko juu ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kumwona bibi harusi akitokea migombani, Taata. Kutoka chini haonekani."

"Ukamwona?"

"Sikumwona. Mliniteremsha kabla."

Mzee alicheka hadi akashika kifua, na wazee wenzake nao wakacheka. Hata Baba. Mzee Niyonsenga alipotulia alisema, "Mimi bado ni mzima, kama mnavyoniona. Nyumba yangu imekusamehe. Ila usipande ya mwingine. Tafuta kitu chako cha kupandia."

Mackrine hakuwahi kudharau mila. Alikwenda kwa seremala, akatengenezewa jukwaa la mbao za mkaratusi, refu kupita mtu, lenye miguu minne na ngazi yake, lisiloegemea nyumba ya mtu yeyote. Wazee wa Isingiro walikuja kulikagua. Mmoja alilizunguka mara mbili, akalitikisa, akauliza kama mtu anaweza kulala ndani yake. Akaambiwa haiwezekani. Akasema basi si nyumba. Ndivyo hadi leo mabinti wa Rubwera wanavyopiga harusi zetu wakiwa juu ya majukwaa yao, na bibi harusi wa Kyerwa anaonekana tangu mwanzo wa migomba. Wiki iliyofuata ukaguzi huo Mzee Niyonsenga alimleta mjukuu wake, Dusabe, akamkalisha kwenye kiti cha mbele. Akawa mwanafunzi wa kwanza.

Hadi mwaka huu wasichana thelathini na wanne wamepita katika chumba kile. Mwaka 2022 kampuni moja ilimpa marehemu nafasi ya kuongoza tamthilia iliyopigwa hapa Kamuli, na kamera, mavazi, sauti na mwendelezo vilishikwa na wanafunzi wake. Baba aliitazama dukani kwa Mzee Abdulkarim. Ilipokwisha alilalamika kwamba majina yanapita haraka mno, mtu hawezi kusoma la mwanawe na la mjukuu wa rafiki yake kwa pumzi moja. Nilimpigia dada kumweleza. Alilia kwenye simu na hakuona haya.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Bukoba na baadaye Mwanza. Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa moyo wote, pamoja na waumini mliofunga na kuomba, Wakristo kwa Waislamu. Alikuwa na hofu moja, na aliisema waziwazi: kwamba darasa litakufa naye. Alisema watu watafunga chumba kwa heshima yake, na heshima hiyo itawarudisha wasichana nyumbani. Alimkabidhi Dusabe ufunguo mwezi Juni mwaka huu, akawakataza wanafunzi kuahirisha masomo kuja kumwona. "Anayekuja Jumanne au Alhamisi sitamfungulia," alisema. Tulijua hana nguvu za kwenda mlangoni, lakini hakuna aliyejaribu.

Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, alikuwa nyumbani kwake Rubwera, mimi na Dastan tukiwa kando ya kitanda. Saa nane na nusu mchana aliomba apigiwe Dusabe. Tukaweka simu karibu na mto wake, sauti ya juu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mmeanza?"

"Tumeanza."

"Mko wangapi?"

"Kumi na watatu. Mmoja ni mpya, amekaa kwenye ndoo."

"Usikate simu," Mackrine alisema. "Endelea."

Dusabe akaiweka simu mezani na kuendelea kufundisha. Tulisikia wanafunzi wakibishana mwanga utoke upande gani, viti vikiburutwa, mtu akicheka. Dada yetu alifumba macho akasikiliza. Saa tisa na dakika arobaini tuliona amepumzika. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, miezi mitano na siku ishirini na sita. Dastan alinyoosha mkono kwenye simu, kisha akaurudisha. Tuliacha somo liendelee hadi saa kumi lilipokwisha, ndipo tukamwambia Dusabe.

Marehemu ameacha mume, Dastan, watoto wawili, Auleria na Muganyizi, wazazi wake, Mzee Rweyemamu na Mama Costansia, ndugu wanne, na wanafunzi ambao leo wanarekodi mazishi haya huku wakilia, bila kutikisa kamera. Tunamshukuru Mungu kwa muda wote aliotuazima Mackrine. Tunakushukuru na wewe, dada.

Bwana akulaze mahali pema. Jumanne ijayo darasa lipo, saa nane kamili.